Matope ya Mwezi wa Kumi

Marsela hana tarehe hata moja iliyo yake. Ile iliyoandikwa kwenye kitambulisho chake, mosi Julai mwaka sabini na mbili, alipewa na kijana wa kuandikisha. Kijana alimwuliza mara mbili amezaliwa lini, Marsela akajibu mara mbili kwamba alizaliwa watu wakivuna mpunga, na kijana akacheka, akaandika anachokijua yeye. Wanawake wengi waliokuwa kwenye foleni siku ile walitoka pale wakiwa wamezaliwa mosi Julai. Ukiwakusanya leo, ungedhani kijijini kwao kulikuwa na mkunga mmoja aliyefanya kazi siku moja tu kwa mwaka.

Shule hakuiona. Baba yake alipeleka wavulana, na wasichana wakabaki kuamia ndege shambani. Kwa hiyo maisha yake ameyapanga kama walivyoyapanga wakubwa wake kule Mpimbwe, kwa sikukuu za kanisa na kwa kilimo. Aliolewa Jumatatu ya Pasaka. Mama yake alifariki wiki ya palizi ya kwanza. Mumewe, Respicius, alizikwa mkesha wa Pentekoste, miaka mitatu iliyopita, na hapo ndipo alipojua kwamba mtu asiye na tarehe anaweza kunyang'anywa chochote.

Fabiani, mdogo wake Respicius, alikuja kabla udongo wa kaburi haujakauka. Alikaa kwenye kiti cha marehemu, akaomba maji ya kunywa, akanywa, ndipo akasema.

"Shemeji, lile shamba la bondeni ni la ukoo. Ungekuwa na mtoto, ningekaa na mtoto tukaongea. Sasa nikae na nani?"

"Shamba ni langu," Marsela alisema. "Baba mkwe alinipa. Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo lini?"

Fabiani alimtazama, akatabasamu, akarudisha kikombe mezani taratibu. Alijua alichouliza. Alijua pia kwamba jibu lake Marsela hawezi kulisema mbele ya mtu yeyote.

Ndiyo maana leo, akiwa na miaka hamsini na ushee, anaishi Mpanda mjini, mtaa wa Nsemulwa, chumba kimoja uani kwa mjane wa Kisukuma anayeitwa Nyanzala. Asubuhi wanakaanga vitumbua pamoja na kuviuza kando ya barabara. Mchele Marsela anaununua sokoni, na muuzaji humsogezea gunia lililofunguliwa mdomo. "Nusa mwenyewe, mama. Huu wa Mpimbwe, bondeni kabisa." Marsela hunusa, halafu hununua. Hajawahi kumwambia muuzaji kwamba yawezekana amenusa shamba lake mwenyewe.

Sasa kuhusu siku hiyo aliyopewa shamba.

Marsela alikaa na Respicius miaka minane bila kushika mimba. Mwaka wa tisa akashika. Alikuwa na hakika nayo ile wiki ambayo redio zote zilipiga nyimbo za maombolezo, Mwalimu amefariki, watu wazima wanalia njiani. Marsela alikaa katikati ya waliolia, amejifunika kanga mpaka kichwani, akionekana analia kama wenzake. Chini ya kanga alikuwa anacheka. Aliona aibu, lakini alicheka. Taifa zima lilikuwa msibani, na kwake hiyo ndiyo wiki aliyopata furaha kuliko zote alizowahi kuziishi.

Mvua zikaja, kilimo kikaanza. Wiki moja kabla ya Noeli, Respicius alikuwa analima bondeni na ng'ombe. Kuni zilikuwa mbichi, uji ukachelewa. Marsela alipofika na sufuria kichwani, jua lilikuwa limeshapanda, na mumewe hakuuliza kitu. Alimpiga kwa kiboko kile kile alichokuwa akiswagia ng'ombe, na alipoanguka kwenye tuta la jaruba la mpunga akakigeuza, akatumia mpini. Usiku ule mimba ilitoka. Mama mkwe alikizika kile kichanga nyuma ya nyumba, bila jina, na kulipokucha akawaambia majirani kwamba mkwe wake ameteleza kwenye tuta. Majirani walikuja wakasema pole kwa kuteleza. Marsela akajibu, "Nimeshapoa. Niliteleza tu." Baada ya hapo hakushika mimba tena.

Tarehe ishirini na nane Desemba, Sikukuu ya Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode, baada ya ibada, baba mkwe alimchukua mpaka bondeni. Fabiani alibeba fito. Aliyefuata nyuma yao alikuwa Benedikto, katekista wa kigango, mwalimu wa dini wa kanisa la kijijini, aje kuwa shahidi, na ni yeye aliyeichagua siku hiyo, akiona inafaa. Fabiani alichomeka fito pembe nne. Baba mkwe akasema, "Hili ni la kukufuta machozi, mwanangu. Lilime, ule. Na yale mengine tusiyasikie tena." Marsela akapiga goti kwenye matope, kama mke anavyotakiwa, akasema, "Asante, baba."

Hiyo asante ndiyo inayomfanya asiweze kuitaja siku. Kupigwa si kitu. Amewaona wengi waliopigwa. Lakini yeye alipewa shamba badala ya mtoto, akashukuru. Akalilima miaka zaidi ya ishirini. Akala wali wake, akaona mtamu, akanenepa.

Alipokwenda kulalamika kwenye baraza la kata, aliambiwa arudi baada ya mwezi, na aje na mambo mawili, shahidi na tarehe. Shahidi alimjua. Tarehe akarudi nayo Nsemulwa bila kuitaja.

Nyanzala ana redio ndogo, ameifunga kwa mpira kwa sababu mfuniko wa betri umepotea. Kila asubuhi, mafuta yakianza kuchemka, mtangazaji mmoja wa pale mjini aitwaye Maiko husoma yaliyotokea siku kama hiyo, miaka ya nyuma. Vita vilivyoanza, wafalme waliokufa, meli zilizozama. Marsela humsikiliza kuliko anavyomsikiliza padri. Asubuhi ya tarehe kumi na nne Oktoba Maiko alisoma kwamba siku kama hiyo, mwaka arobaini na saba, rubani mmoja wa Amerika alirusha ndege ikaipita sauti kwa mbio. Kisha akashusha sauti yake, akasema kwamba siku kama hiyo, mwaka tisini na tisa, Taifa lilimpoteza Baba wa Taifa.

"Siku ile, weeh!" Nyanzala alisema, akigeuza kitumbua. "Sisi tulikuwa bado kule kwetu Usukumani. Baba alizima redio akalia. Ng'ombe wake arobaini walikufa na ukame hakulia, akamlilia Mwalimu! Wewe ulikuwa wapi, Marsela?"

"Nyumbani."

"Ulilia?"

Marsela alikuwa anaitazama redio. Aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona. Maiko alikuwa ametaja tarehe, na hakuna aliyemwuliza kama alikuwepo. Nyanzala hakuuliza. Mteja aliyesimama na kikombe cha chai hakuuliza. Tarehe ikiwa kubwa kiasi hicho, watu huinamisha vichwa, basi.

"Nimeipata," alisema.

"Umepata nini?"

"Siku ya kuwaambia."

Alimweleza Nyanzala nusu tu, kwamba shamba alipewa kweli lakini tarehe imempotea. Nyanzala alikuna kichwa kwa mwiko.

"Kumsingizia Mwalimu, dada?"

"Simsingizii. Namwazima siku tu. Yeye anayo, mimi sina."

Siku mbili kabla ya baraza alipanda gari la asubuhi linalokatiza hifadhi ya wanyama, akaenda kumwona Benedikto. Katekista sasa ni mzee, macho yana ukungu, bado anavaa rozari shingoni juu ya koti. Marsela alimweleza alichokusudia. Mzee alizichezea shanga za rozari.

"Siku ile tulianza novena ya msiba, sala za siku tisa, hapakuwa na shamba wala nini," alisema. "Mimi nitasema ulipewa. Kwa hilo naapa. Lakini tarehe usinitie mdomoni, binti yangu."

"Basi wewe usitaje tarehe."

"Na wewe kwa nini usiitaje ile yenyewe?"

Marsela alisimama, akakung'uta kanga yake ijapokuwa haikuwa na vumbi. "Wewe ndiye uliyenifundisha kunyamaza siku ile bondeni, katekista. Usinifundishe tena kusema."

Mzee aliinamisha kichwa. Hakumsindikiza.

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa ofisi ya kata. Watu walijaa kuliko siku zote, maana kesi ya mjane na shemeji yake huwavuta wengi. Wanawake wa jumuiya yake ya zamani ya kanisa walikaa mstari wa pili, wakamsalimia kwa vidole. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alieleza kwanza kwamba siku hizi baraza la kata haliamui, linasuluhisha tu, na likishindwa linatoa barua, mtu aende wilayani. Kisha akamgeukia Marsela.

"Mama, shamba ulipewa lini?"

Marsela alikuwa ameifanyia mazoezi njia nzima. "Tarehe kumi na nne mwezi wa kumi, mwaka elfu moja mia tisa tisini na tisa. Siku aliyofariki Mwalimu."

Ukumbi ulitulia, kama alivyotazamia. Mzee mmoja alivua kofia. Binti aliyekuwa katibu aliandika bila kuinua macho. Marsela alisikia utamu wa ajabu. Kumbe ndivyo wanavyojisikia watu wenye tarehe.

"Eleza mlivyokabidhiana."

"Baba mkwe alitangulia, huyu Fabiani na fito begani, katekista nyuma. Walichomeka fito pembe nne. Baba mkwe akasema ni langu. Nami nikapiga goti pale kwenye matope, nikasema..."

Akasita. Fabiani alikuwa ameshainua mkono.

"Mwenyekiti, samahani. Shemeji amesema matope?"

"Amesema."

"Matope mwezi wa kumi?" Fabiani aliwageukia watu, mikono wazi. "Nyie ni wakulima wenzangu. Bonde letu mwezi wa kumi ukiangusha sarafu kwenye ufa huipati tena. Hayo matope yalitoka wapi? Au labda Taifa lililia sana siku ile, machozi yakajaza majaruba?"

Watu waliangua kicheko. Walicheka mpaka wale wa jumuiya, mmoja akijificha nyuma ya mwenzake. Mzee aliyevua kofia akairudisha kichwani, akamtazama Marsela kwa namna ambayo bado anaikumbuka, kama mtu aliyemkamata mwizi na sadaka.

Uso ulimwaka. Alitamani sakafu imshike miguu imvute chini. Tarehe aliyoiazima redioni iliondoka mikononi mwake mara moja, lakini magoti hayakusahau matope. Yenyewe yalimponza, yakasema yalichokumbuka.

"Mama, tuliza akili," mwenyekiti alisema. "Ulipewa lini?"

"Nimesahau," Marsela alisema, akaona aibu ya pili ikipanda juu ya ile ya kwanza.

Benedikto akaitwa. Alisimama akiegemea kiti cha mbele yake.

"Shamba alipewa. Nilikuwepo. Hata huyu Fabiani alikuwepo, na fito alizichomeka yeye. Lilikuwa shamba la kifuta machozi."

Hakuna neno linalojulikana Mpimbwe kuliko hilo. Watu wa kule wanapakana na hifadhi, na kila mtu ana jamaa aliyewahi kujaza fomu. Tembo akila mahindi yako, unaomba serikalini kifuta jasho. Mnyama akiua mtu wako, hapo ndipo unapoomba kifuta machozi. Mwenyekiti aliweka kalamu chini.

"Kifuta machozi cha nani, mzee? Nani aliuawa?"

Benedikto alikohoa, akashika rozari. Fabiani alisema haraka kwamba mzee amechanganyikiwa, umri umekwenda.

"Sijakuuliza wewe," mwenyekiti alisema. "Mama, kuna mtu wenu aliyeuawa na mnyama?"

Marsela alikuwa anautazama mkono wa katibu, na kalamu ikingoja juu ya karatasi.

"Ndiyo," alisema.

"Mnyama gani? Tembo?"

"Kiboko."

Watu waliguna kwa huruma. Kila mtu anawajua viboko wa mto Kavuu. "Pole sana, mama," mwenyekiti alisema. "Kiboko wa mtoni huyo, au wa kule ziwani?"

"Si kiboko wa, mwenyekiti," Marsela alisema, na sauti ilimtoka ndogo kama ya mtoto aliyekosea hesabu. "Ni kiboko cha. Kiboko cha kuswagia ng'ombe. Cha mume wangu. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Sikuteleza."

Aliwageukia wale wanawake wa mstari wa pili, kwa sababu wao ndio aliowadanganya kwa muda mrefu zaidi. "Mlikuja mkaniambia pole kwa kuteleza. Sikuteleza. Nilipewa lile shamba nikapiga goti nikasema asante. Ilikuwa Sikukuu ya Watoto Mashahidi. Ndiyo maana palikuwa na matope."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alivuta kanga akafunika mdomo. Kalamu ya katibu ilisikika.

"Ishirini na nane Desemba," Benedikto alisema, ameinamisha kichwa. "Mwaka ule ule. Ni kweli."

Fabiani alisimama. Hakuwa anatabasamu tena. Mlangoni walisimama vijana wake wawili, na wote wawili walikuwa wanamtazama.

"Mwenyekiti, tusifike huko. Mimi na shemeji ni watu wa nyumba moja." Aliwatupia vijana wake jicho. "Achukue shamba. Nasema mbele yenu, achukue leo. Ila hicho alichokisema juu ya marehemu kisiandikwe. Kikifutwa, mimi natia sahihi, tunakwenda nyumbani."

Mwenyekiti aliachia pumzi kama aliyetua mzigo. "Umesikia, mama? Shamba lako hilo limerudi. Unasemaje?"

Neno lilikuwa moja tu la kusema, na Marsela alilijua tangu siku ile bondeni. Lilikuwa limeshafika ulimini. Alilihisi kabisa, na magoti nayo yakaanza kulegea yenyewe, yakitafuta mahali pa kupiga. Alifikiria mpunga ukiwa umeiva bondeni. Alifikiria chumba cha Nsemulwa, moshi wa mafuta, gunia la sokoni lililofunguliwa mdomo.

"Katibu ameshaandika?" aliuliza.

"Nimeandika, mama," binti alisema.

"Basi kisifutwe."

"Mama," mwenyekiti alisema kwa upole, "unaelewa? Nitakupa barua uende wilayani. Huko watakuta umetaja tarehe mbili, na ya kwanza ya uongo. Unaweza ukashindwa, ukarudi mikono mitupu."

"Naelewa. Kisifutwe." Kisha akasogea mezani, akanong'ona kwa katibu, "Ila ile ya Mwalimu, binti yangu, nifutie. Naona haya."

Binti alitikisa kichwa. Alisema karatasi ya baraza haifutwi, inapigwa mstari mmoja tu, na kilichokuwa chini lazima kisomeke. Akapiga mstari. Marsela akaweka dole gumba kwenye wino, akaweka kwenye karatasi, chini ya uongo wake na chini ya ukweli wake, vyote viwili.

Nje, Benedikto alimfuata akipapasa njia kwa fimbo. "Nisamehe, binti yangu."

"Ungeniomba ile siku," Marsela alisema, na akaendelea kwenda. Wanawake wa jumuiya walisimama kando ya njia. Hakuna aliyesema pole. Hawakujua waseme pole ya nini sasa, baada ya kuimaliza yote kwenye kuteleza. Alikuwa amedhani aibu ikishasemwa inamtoka mtu. Haikumtoka. Alipanda nayo gari, akakaa nayo dirishani, akapita nayo hifadhini mpaka mjini.

Shauri liko wilayani mpaka sasa. Limeahirishwa mara moja. Fabiani amelima bonde lote msimu huu.

Desemba ilipofika, tarehe ishirini na nane, Nyanzala aliwasha redio kama kawaida. Maiko alisoma kwamba siku kama ya leo, kule Paris, watu walilipa kiingilio kutazama picha zinazotembea. Akasoma kwamba siku kama ya leo tetemeko la ardhi liliua maelfu ya watu katika mji wa Messina, Italia. Kisha akapiga muziki.

Nyanzala, ambaye sasa anajua yote, alipunguza sauti. "Mpigie simu. Huwa anapokea. Mwambie na yako."

"Hapana."

Marsela alifuta mikono, akaingia chumbani, akatoa nakala yake ya karatasi ya baraza kutoka chini ya godoro. Hajui kusoma, lakini binti katibu alikuwa amemwonyesha mahali. Mstari wa sita, tarehe ile iliyopigwa mstari. Mstari wa kumi na moja, tarehe ile yake. Aliweka kidole kwenye ule wa kumi na moja, akakiacha hapo muda kidogo, huku kiganja kikifunika ule wa sita.

"Marsela!" Nyanzala aliita kutoka nje. "Mafuta yanaungua!"

Akaikunja karatasi, akairudisha chini ya godoro, akaenda kukaanga.